Je, Ina Maana Kubaki Hadi Mwisho?

Kuna swali ambalo washarika huliuliza kwa maneno tofauti, lakini ni swali moja. Mwalimu wa kwaya iliyobakiwa na waimbaji sita anauliza kama aendelee na mazoezi ya Jumamosi. Mama anayemuuguza mume ambaye madaktari wamesema hatapona anauliza kama kuna faida yoyote kumnyoa ndevu na kumvalisha shati safi kila asubuhi. Mzee wa kanisa katika mtaa uliojaa watu enzi za mkonge, na ambao leo una kaya chache, anauliza kama paa la kanisa lifanyiwe ukarabati. Wote watatu wanauliza hivi: kazi ambayo mwisho wake umekwisha kujulikana, je, inastahili kufanywa kwa moyo wote? Au hekima ni kupunguza mwendo, kuokoa nguvu, na kuondoka mapema kabla taa hazijazimwa?

Nataka kulijibu swali hili kwa kupitia mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia kupelekwa na mchungaji, yaani msimu wa mwisho wa tamthilia ya Kimarekani iitwayo Star Trek. Vijana wetu hapa Tanga wanalifahamu vizuri neno "msimu". Wanafuatilia tamthilia za Kikorea, za Kituruki na za Kizungu kwenye simu zao, na mara nyingi mazungumzo yao huishia kwenye hukumu moja: msimu wa mwisho umeharibu yote, au msimu wa mwisho umeokoa yote. Wamekwisha kuamua kwamba thamani ya kitu iko kwenye mwisho wake. Hapo imani yetu ina jambo la kusema.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Septemba 1966 na NBC, ambalo ni shirika la televisheni la Marekani, wala si benki yetu. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Chombo kiitwacho Enterprise kinasafiri kati ya nyota, na ndani yake wanafanya kazi pamoja watu wa mataifa na rangi mbalimbali. Ofisa wa mawasiliano ni mwanamke mweusi, Luteni Uhura, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols. Jina hilo limetoka kwetu. Nichols alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno, nalo likageuzwa kidogo kuwa Uhura. Ilikuwa miaka michache tu tangu bendera ya Tanganyika ipandishwe, tarehe 9 Desemba 1961. Tena katika sehemu moja ya mwaka 1967 mashine inazifuta kumbukumbu zote za Uhura, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Kwa hiyo tunapomzungumzia Uhura hatumzungumzii mgeni kabisa.

Msimu wa kwanza ulipomalizika, mwaka 1967, Nichols aliamua kuondoka. Maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache, naye alitamani kurudi kwenye uimbaji na maigizo ya jukwaani. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliyoirudia mara nyingi, alikwisha kumwarifu Roddenberry. Mwisho wa juma hilo akahudhuria hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na hapo akaambiwa kwamba kuna mpenzi wa tamthilia hiyo anayetaka kumsalimu. Alipogeuka akamwona Mchungaji Martin Luther King. Huyu alikuwa Mbaptisti, lakini jina lake lina asili kwetu Walutheri, kwa kuwa baba yake, aliyeitwa Michael King, alisafiri hadi Ujerumani mwaka 1934, na baada ya safari hiyo akabadili jina lake na la mwanawe kwa heshima ya mwanamatengenezo. King alimwambia Nichols kwamba asiondoke. Alimweleza kuwa watu weusi walikuwa wakionekana katika televisheni jinsi wanavyopaswa kuonekana, wenye akili, ujuzi na heshima. Nichols akabaki.

Sasa tuziangalie tarehe. King aliuawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Msimu wa tatu, ambao ndio wa mwisho, ulianza Septemba mwaka huohuo. Aliyemwomba abaki hakuuona msimu huo hata kidogo. Usiku wa kuamkia kifo chake, katika hotuba yake ya mwisho, King alizungumza juu ya mlima na nchi ya ahadi. Alikuwa akimkumbuka Musa juu ya Nebo, katika Kumbukumbu la Torati 34, ambaye aliruhusiwa kuiona nchi kwa mbali lakini hakuvuka kuingia.

Je, msimu wenyewe ulikuwaje? Tuseme kweli: kwa sehemu kubwa ulikuwa dhaifu. NBC lilitaka kuifuta tamthilia baada ya msimu wa pili. Watazamaji wakaandika barua kwa maelfu, nalo likakubali kuendelea. Lakini bajeti ikapunguzwa, na tamthilia ikahamishiwa Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana walioipenda wako matembezini. Roddenberry naye akajiondoa katika usimamizi wa kila siku. Sehemu iliyofungua msimu, Spock's Brain, inahusu ubongo wa ofisa mmoja kuibwa, na mwili wake kuongozwa kwa kidude cha mkononi kama gari la mtoto la kuchezea. Hadi leo wapenzi wengi wa tamthilia huitaja miongoni mwa sehemu mbovu kuliko zote. Hali ilikuwa kama ya shamba ambalo mwenyewe hajalifunga, lakini amekwisha kuacha kupeleka mbolea.

Hata hivyo katika msimu huohuo, wenye sehemu 24, zimo sehemu mbili ambazo ningependa kila msharika azitafakari.

Ya kwanza ni The Empath, ya Desemba 1968. Karibu hadithi yote inachezwa kwenye jukwaa lenye giza, bila mandhari, na vyombo ni vichache mno. Umaskini wa bajeti unaonekana wazi. Viumbe wawili wenye uwezo mkubwa wamewakamata Kapteni Kirk, Spock na Daktari McCoy. Nyota iliyo karibu inakaribia kulipuka, na viumbe hao wanaweza kuwaokoa watu wa sayari moja tu. Wanataka kujua kama watu wa Gem wanastahili kuokolewa. Gem ni mwanamke bubu mwenye karama ya ajabu: akimgusa majeruhi, jeraha linahamia katika mwili wake mwenyewe, naye majeruhi anapona. Basi wale viumbe wanawatesa wanaume hao mbele yake ili waone kama atakubali kujitoa kwa ajili ya mwingine. Msomaji wa Isaya 53 hawezi kutazama bila kukumbuka habari za yule aliyeyachukua masikitiko yetu. Lakini jambo kubwa linakuja baadaye. Daktari McCoy yuko karibu kufa. Gem anaanza kuyachukua majeraha yake, na daktari anamsukuma mbali kwa sababu hataki afe kwa ajili yake. Kisha Kirk anawageukia wale watesaji na kuwaonyesha kwamba wao wenyewe wamekosa kile wanachokitafuta kwa wengine. Wana akili nyingi, lakini huruma imewakauka.

Ya pili ni Let That Be Your Last Battlefield, ya Januari 1969. Watu wawili wa sayari iitwayo Cheron wanachukiana. Uso wa mmoja ni mweusi upande wa kulia na mweupe upande wa kushoto, na mwenzake ni kinyume chake. Mmoja amemfukuza mwenzake kwa miaka 50,000. Wanapofikishwa nyumbani wanakuta kwamba watu wote wa sayari yao wamekwisha kuuana. Wamebaki wao wawili tu. Nao hawasimami kulia wala kutubu, bali wanateremka kwenye magofu kuendelea kufukuzana.

Nimeziweka sehemu hizi mbili pamoja kwa sababu zinatulinda tusilijibu swali letu kwa haraka. Wachungaji tunapenda kusifu uvumilivu. Lakini wale wawili wa Cheron ni wavumilivu kuliko sisi sote! Wamedumu miaka 50,000 bila kuchoka, na uvumilivu wao ni jehanamu. Kubaki si fadhila kwa sababu tu ni kubaki. Anayeng'ang'ania ugomvi wa shamba na ndugu zake mpaka kaburini amebaki hadi mwisho, na hakuna wa kumpongeza. Paulo katika 1 Wakorintho 13 anasema kwamba hata mtu akiutoa mwili wake, pasipo upendo haimfaidii kitu.

Sehemu ile ya Gem nayo inatuonya sisi viongozi kwa namna ya pekee. Wale viumbe wenye uwezo walikaa salama, wakamtaka mwingine ajitoe, wakapima kiasi cha maumivu yake. Tumeyaona hayo hata katikati ya watu wa Mungu. Mwanamke anapigwa nyumbani kwake, anakwenda kutafuta msaada, na anaambiwa arudi akauchukue msalaba wake. Anayemwambia hivyo halali katika nyumba ile. Huyo amekuwa kama mmoja wa wale watesaji, hata akiwa na Biblia mkononi. Sadaka ya nafsi ni zawadi, na zawadi haidaiwi kama kodi. Bwana wetu alisema wazi, katika Yohana 10, kwamba hakuna aliyemnyang'anya uhai wake, bali aliutoa mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama abaki mahali anapoumizwa, wajibu wangu wa kwanza ni kama ule wa Daktari McCoy: kumsukuma atoke kwenye hatari.

Tukishaweka mipaka hiyo, tunaweza kurudi kwa Nichols. Yeye alibaki kwa ajili ya nani? Hakubaki kwa ajili ya NBC, wala kwa ajili ya cheo. Alibaki kwa ajili ya jirani ambaye hakumjua kwa jina, mtoto fulani mweusi aliyeketi sakafuni mbele ya televisheni. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kubaki kunakostahili kuna uso wa mtu mbele yake.

Na mwisho wenyewe ulikuwaje? Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Haikuwa na kuagana, wala hitimisho la safari. Uhura, aliyebaki misimu yote mitatu, hakuonekana kabisa katika sehemu hiyo. Tamthilia ilikatika tu, kama redio inapoishiwa betri. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Julai, binadamu wa kweli wakatua mwezini, na dunia ikawa na jambo jingine la kutazama.

Kama thamani ya kazi ingekuwa katika mwisho wake, tungesema kwamba Nichols alipoteza miaka yake. Lakini kwa misimu yote mitatu zilikuwa zimepatikana sehemu 79, na wingi huo ulivifaa vituo vya televisheni vya miji mbalimbali vilivyotaka kuirudia tamthilia siku baada ya siku. Katika marudio hayo ya miaka ya 1970 ndipo ilipopata watazamaji wengi kuliko mwanzo. Msimu dhaifu ulisaidia kuibeba kazi yote. Kisha, kuanzia mwaka 1977, NASA ilimtumia Nichols kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, Septemba 1992, ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alivutwa na kumwona Uhura.

Mhubiri angetamani kuishia hapa na kusema: mnaona, subirini, matunda yatakuja. Siwezi kuishia hapa, kwa sababu si kweli kila mara. Waebrania 11 inawataja watu waliokufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi. Yule mama anayemnyoa mumewe hatapata marudio ya miaka ya 1970. Mumewe atazikwa, shati litagawiwa. Tukiseme nini kwake?

Tuanze na historia yetu wenyewe. Wamisionari wa Kijerumani walifika Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka 1891. Vita vikafika hapa mjini Novemba 1914, na kabla havijaisha wamisionari walikwisha kuondolewa. Vita vya pili vikaja, wakaondolewa tena. Mara zote mbili walimu na wainjilisti wa Usambara na wa pwani hii wakabaki na shule, vitabu vichache, na Wakristo wachanga. Hakuna aliyeweza kuwahakikishia kwamba meli italeta mtu. Kwa macho ya kawaida, ule ulikuwa msimu wa mwisho. Wao wakaendelea kufundisha katekisimu, kuwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Wengi wao hawakuishi kuiona siku ya mwaka 1963 ambapo kanisa la Usambara-Digo lilikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana kuwa KKKT. Nao hawakufanya kazi kwa ajili ya siku hiyo. Walifundisha kwa sababu mtoto alikuwa mbele yao na hajui kusoma, na waliomba kwa sababu mgonjwa alikuwa kitandani.

Na nyuma yao wako wanawake wa Marko 16. Jumapili alfajiri walibeba manukato kwenda kumpaka Yesu. Hawakwenda kuanzisha jambo jipya. Kwa jinsi walivyojua, kila kitu kilikuwa kimekwisha, na walichobeba kilikuwa huduma ya mwisho kwa maiti, kazi isiyo na kesho. Njiani walikuwa bado wanaulizana nani atawaondolea jiwe. Mitume wenye mipango mikubwa hawakuwapo. Walioikuta habari ya ufufuo ni wale waliokwenda kufanya kazi ndogo ya heshima baada ya mwisho. Hawakuuleta ufufuo kwa manukato yao, na hata hayakuhitajika. Lakini upendo uliowatoa nyumbani gizani haukuwa bure.

Hapa ndipo fundisho letu la kuhesabiwa haki kwa neema linapogusa mazoezi ya kwaya na kitanda cha mgonjwa. Kama ni lazima kazi yangu ishinde ndipo mimi niwe na thamani, basi kila mwisho ni tishio, na nitakimbia mapema ili nisionekane nimeshindwa. Lakini neno la mwisho juu yangu limekwisha kutamkwa, pale msalabani na katika maji ya ubatizo wangu. Halingoji kazi zangu ziishe vizuri. Martin Luther aliandika mwaka 1520 kitabu juu ya uhuru wa Mkristo, na hoja yake ni kwamba imani inamweka mtu huru kabisa, na uhuru huohuo unamfanya awe mtumishi wa jirani yake. Miaka miwili baadaye, akiandika juu ya ndoa, alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani, hata watu wakimcheka, anamfurahisha Mungu na malaika zake. Nepi hizo kesho zitachafuka tena. Kazi hiyo haina mwisho mzuri wala mbaya, ina mtoto tu.

Basi tuwajibu wale watatu. Mwalimu wa kwaya, waimbishe hao sita vizuri kama vile wangekuwa sitini, maana kila mmoja wao amekuja na moyo mzima, si sehemu ya kumi ya moyo. Mama, endelea kumnyoa mumeo. Yeye si kazi iliyoshindikana bali ni mtu aliyebatizwa, na asubuhi hii bado ni asubuhi yake. Ukichoka uturuhusu sisi wengine tushike wembe siku moja, maana usharika uko kwa ajili hiyo. Mzee wa kanisa, kwako jibu ni gumu zaidi. Huenda paa lisifanyiwe ukarabati, na kaya zile chache ziungane na mtaa wa jirani. Jengo si jirani. Lakini bibi asiyeweza tena kutembea hadi huko ni jirani, na Chakula cha Bwana kinaweza kumfuata mlangoni kwake.

Vijana wanaposema msimu wa mwisho umeharibu yote, tuwaulize kwa upole: wewe ulimtazama nani humo ndani? Mwanamke aliyepewa jina kutokana na neno letu la uhuru alibaki kwenye kituo chake wakati wenye mamlaka wamekwisha kugeuka, na alikuwa huru kuondoka. Sisi tulio na uhuru mkubwa kuliko huo tunaweza kukaa na waliobaki, kufanya vizuri kilicho mbele yetu leo, na kumwachia Mungu taa, azime na kuwasha kwa wakati wake.